Bastola ya zambarau: wanayosema watu na ukweli wenyewe

Shoga yangu mmoja anafanya biashara ya mabondo ya sangara, leo yuko Ukerewe kesho Kirumba, na nyie wa Mwanza mnajua mabondo yalivyo na hela, kuna siku anarudi jioni amekumbatia mkoba kama mtoto mchanga. Sasa akaamua kuomba kibali cha bastola. Haya, vizuri. Neno la kwanza aliloniambia sio aina wala bei, kaniambia "mi nataka ya zambarau". Huyu dada geti lake zambarau, kava ya simu zambarau, mpaka beseni la kuogea, kwaiyo mimi sikushangaa, ila mashemeji waliokuwepo pale nyumbani walicheka mpaka mmoja akamwaga chai.

Mi nina kibali changu miaka kadhaa sasa kwa ajili ya uwakala wa pesa, na aliyenifundisha kushika hii kitu ni baba mkwe wangu, mwanajeshi mstaafu, mzee wa maneno machache na macho makali. Na ninachotaka kusema ni kwamba walewale waliomcheka kwa rangi ndo walimpa ushauri mbaya kuliko rangi yenyewe mara kumi. Rangi haijawahi kumkosesha mtu shabaha, ila "chukua kadogo mama, kanakutosha" imewakosesha wengi.

Tuanze na hiyo rangi tuimalize. Wanasema bastola ya rangi ni pambo, ya kweli ni nyeusi. Uongo. Ule weusi nao ni rangi tu jamani, chuma hakizaliwi cheusi. Bastola za zamani zilikuwa zinapikwa kwa kemikali chuma kinaota ngozi ya bluu iliyokolea, na ile ngozi ni nyembamba, inataka mafuta kila wakati la sivyo kutu inaingia, na hapa kwetu ziwani na hii hewa ya unyevu usishangae ukikuta madoa ya kahawia pale jasho la mkono linapokaa. Za siku hizi nyingi kiwiliwili chake ni plastiki ngumu, na rangi ya plastiki inachanganywa humohumo kiwandani kama ndoo ya maji, ndo maana ukiikwaruza ndani nako ni rangi ileile. Halafu kuna Cerakote, hiyo ni rangi yenye chembe za kauri ndani yake, inapuliziwa kisha inaivishwa kwenye oveni, inakaa nyembamba sana, nyembamba kuliko karatasi ya daftari, na kwenye chuma inazuia kutu vizuri kuliko ule weusi wa zamani. Zambarau, pinki, damu ya mzee, rangi ya maziwa, zote zipo na haziathiri kitu ndani. Na wala sio mambo ya juzi, Smith & Wesson walikuwa na kibastola chao cha Ladysmith mwanzoni mwa miaka ya 1900, wakalirudisha hilo jina mwaka 1989 kwenye rivolva za kinamama, yaani zile bastola zenye gurudumu la risasi linalozunguka, na Charter Arms nao wanayo rivolva inaitwa Pink Lady, jina linajieleza.

Kosa liko kwenye kupaka mwenyewe. Kuna kaka mmoja, simtaji, aliipeleka bastola yake nyeusi kwa fundi anayepuliza rangi matanki ya bodaboda, imetoka inang'aa kama kiatu cha harusi, lakini rangi ikawa imeingia kwenye reli ambazo slaidi, kile kipande cha juu unachokivuta nyuma kukoki, inateleza, ukikoki inasimama katikati kama droo ya kabati la zamani. Na hapo sijasema kwamba kumwachia silaha mtu asiye na kibali ni kosa lenyewe peke yake, na ukifunika au kufuta ile namba ya silaha iliyochongwa utaeleza kituoni mpaka uchoke. Kama unataka rangi nunua ikiwa na rangi yake kutoka kiwandani, basi.

Sasa twende kwenye lile kubwa. Eti mwanamke mkono wake mdogo kwaiyo bastola yake iwe ndogo na nyepesi. Hili ndo lililonifanya niandike.

Risasi inapotoka mbele, bastola inarudi nyuma, sio siri, na kinachoizuia isirudi kwa fujo ni uzito wake. Risasi ileile kwenye bastola nzito ni msukumo, kwenye nyepesi ni teke la punda. Chukua Glock 19, ambayo wengi wataiona kubwa ya kiume, bila magazini inakaribia gramu 600. Halafu chukua vile virivolva vifupi vyepesi vya risasi tano ambavyo kila muuza duka anamsukumia mwanamke, vina gramu 400 na kitu, mtutu mfupi, kishikio cha vidole viwili, kidole kidogo kinabaki kinaning'inia hewani kama unakunywa chai ya wazungu. Unapiga risasi ya kwanza kiganja kinawaka moto, ya pili unafumba macho kabla hujavuta, ya tatu unasema basi nimeshajua, na hapo mazoezi yameisha mpaka kiyama. Baba mkwe alikuwa anaviita vibastola vya mtu anayejua sana au asiyejua kabisa. Mimi nilianza na kadogo, nilikuwa na mazoezi mawili tu ndani ya mwaka mzima kwa sababu kiukweli nilikuwa nakaogopa, nilipobadilisha nikachukua ya ukubwa wa kati ndo nikaanza kuipenda hii kazi.

Na hiyo ya "rivolva ni rahisi, haina mambo mengi, inamfaa mama". Ni kweli haina mambo mengi. Lakini zile ambazo nyundo yake imefichwa ndani, kila risasi unavuta triga yenye uzito wa kama kilo tano, yaani nusu ndoo ya maji ya lita kumi unaivuta kwa kidole kimoja, na kibastola chenyewe hakifiki hata nusu kilo, sasa niambie nani atatikisika hapo. Ya kisasa kama Glock triga yake ni kama nusu ya hapo. Mwenye vidole vyenye nguvu rivolva itamfaa sana, na kwa mtu ambaye kweli hawezi kukoki slaidi ni jibu zuri, ila isiwe jibu la kwanza kwa kila anayevaa dera.

Kukoki kwenyewe nako kuna uongo wake. Shoga yangu tulipoenda kuangalia, muuzaji akampa bastola tupu, akaishika slaidi kwa ncha za vidole viwili, kucha zile za kubandika ndefu kama vijiko, akavuta, wapi, ikasogea nusu inchi ikarudi. Muuzaji akatabasamu akafungua kabati la chini akatoa kadogo zaidi. Sasa hapa ndo pa kuangalia, kale kadogo kalikuwa kagumu zaidi! Na sio bahati mbaya. Bastola nyingi ndogo za zamani za .380, hiyo ni aina ya risasi, kama Walther PPK ya mwaka 1931, hazina kifungio cha kuushikilia mtutu na slaidi pamoja, kinachozuia slaidi isirudi mapema ni uzito wake na springi peke yake, kwaiyo springi lazima iwe ngumu. Udogo haumaanishi ulaini, mara nyingi ni kinyume chake. Nikamwambia shoga hebu acha vidole, ielekeze upande salama, isogeze karibu na kifua, kamata slaidi kwa juu kwa kiganja kizima kama unavyokamata mpini wa jembe, halafu usivute, sukuma bastola mbele kwa mkono wa kulia huku wa kushoto umekaza. Krak. Ikaenda mpaka mwisho. Akaniangalia. Akarudia tena mara nne kwa raha tu, na kucha zake zote kumi zipo. Mwanamke anayenyanyua beseni la sangara kichwani aambiwe hana nguvu ya kukoki, hapana bwana, hakuonyeshwa namna. Na kama mkono una baridi yabisi au umeumia kweli, Smith & Wesson walitoa mwaka 2018 Shield EZ ya .380, springi yake laini makusudi, unaikoki bila kukunja uso.

Kuhusu risasi sitakaa sana. Kuna wanaosema bila risasi kubwa huui hata panya, kuna wanaosema mwanamke .380 au ndogo zaidi. 9mm ambayo imekuwepo tangu mwaka 1902 ndo inatumika karibu kila mahali, na .380 unene wa kichwa chake ni uleule, ganda lake tu ni fupi, milimita 17 badala ya 19, kwaiyo nguvu imepungua. Bora .380 inayopiga unapolenga kuliko 9mm inayopiga dari. Ila ulizia upatikanaji wa risasi za mazoezi kabla hujaipenda bastola, maana bastola isiyo na risasi za kujifunzia ni jiwe la bei mbaya.

Vipimo vya mkono ndo hivi, na unaweza kuvifanya dukani ikiwa tupu, umehakikisha mwenyewe kwa macho na kwa kidole kwamba chemba haina kitu, usikubali neno la mtu. Ishike ili mtutu uwe mstari mmoja na mfupa wa mkono wako. Peleka kidole kwenye triga. Nyama ya ncha ya kidole ikae katikati ya triga bila wewe kuzungusha bastola kiganjani. Ikibidi uizungushe ndo ufikie, ni kubwa kwako hiyo, iache hata kama ni zambarau ya kukata na shoka. Kidole kikipitiliza mpaka kikunjo cha pili, ndogo hiyo. Halafu fanya mchezo wa sarafu, baba mkwe ndo alinifundisha, ikiwa tupu unaiweka sarafu ya mia mbili juu ya slaidi karibu na mbele, unalenga ukutani, unavuta triga pole pole mpaka ibonyee, sarafu isidondoke. Mimi wiki ya kwanza sarafu nilikuwa naiokota chini ya kochi. Shoga yangu pale dukani kwa ile ya kati alidondosha mara mbili ya tatu ikakaa, kwa kale kadogo haikukaa hata mara moja, yule muuzaji akaanza kutazama dirishani.

Eti "mwanamke anaweka kwenye pochi". Hapa naomba mnisikilize vizuri. Mkoba ndo kitu cha kwanza anachokwapua kijana wa bodaboda, kwaiyo umemzawadia hela, simu na mguu wa kuku juu. Na ndani ya mkoba wa mwanamke mna nini? Funguo, lipstiki, pini za ushungi, pipi za mtoto, kimoja kikiingia kwenye triga umejipiga mguu mwenyewe stendi ya Buzuruga. Mahali pake ni mwilini, kwenye hosta, yaani ala ya bastola, iwe ngumu inayofunika triga yote, na kama nguo haina mkanda ipo mikanda mipana ya kufunga kiunoni chini ya dera ambayo kwa kweli inakaa vizuri, nimetembea nayo Makoroboi siku nzima nanunua vitenge hakuna aliyejua. Ukilazimika mkoba, basi uwe na mfuko wa peke yake wenye zipu na hosta ndani, usichanganye na kitu chochote, na mkoba usitoke mwilini.

Kuna moja kuhusu rangi ambayo wana hoja kidogo, kwamba ya rangi inafanana na mdoli, mtoto ataichezea. Marekani sheria inataka bastola za kuchezea ziwe na alama ya chungwa mdomoni ili zitofautishwe, kwaiyo watu wamezoea kuona rangi wakafikiria mchezo. Lakini nenda soko lolote uone, midoli ya bastola nyeusi imejaa. Mtoto hachagui rangi, anachukua alichokiona. Dawa yake ni sefu inayofungwa, sio rangi, na sefu iwe imenunuliwa kabla ya bastola haijaingia nyumbani, sio "nitanunua mwezi ujao".

Na ile ya kwamba ukiionyesha tu mwizi anakimbia. Anaweza kukimbia, anaweza pia kukupora, au akawa naye anayo. Kibali cha polisi chini ya sheria ya silaha ya 2015 sio ruhusa ya kutishia majirani wala mume mkigombana, na kujikinga kunakotajwa kwenye Kanuni ya Adhabu kifungu cha 18 ni pale hatari ipo na nguvu unayotumia ni ya kiasi. Aliyekukwapua simu akakupa mgongo anakimbilia Mlango Mmoja, mwache aende.

Basi shoga yangu akachagua ya kati, ya 9mm, na ilikuwepo nyeusi peke yake. Alinuna kweli kweli. Tukiwa kwenye daladala tunarudi nikamkumbusha kitu ambacho wapiga shabaha wanafanya miaka yote, kile kinundu cha kulengea cha mbele unakipaka rangi ya kucha. Unapaka nyeupe kwanza, unaacha ikauke, halafu juu yake rangi kali ile inayong'aa kama ya jaketi la trafiki, cha nyuma unakiacha cheusi, yaani ukiinua tu jicho lenyewe linakimbilia mbele bila kulitafuta. Inatoka kwa asetoni ukichoka. Akanyamaza, akafungua pochi palepale akatoa vichupa vitatu akavipanga mapajani.

"Zambarau haifai?"

Zambarau inazama kwenye giza shoga, paka ya chungwa, zambarau tutatafuta hosta.