Aprili 14, 1498: siku moja iliyotwikwa mengi

Kila Aprili 14 ikifika, husambazwa ujumbe kwamba siku kama ya leo Vasco da Gama aliwasili Malindi. Hilo ni kweli: merikebu zake zilitia nanga jioni ya Jumamosi hiyo, mkesha wa Pasaka. (Ni kwa kalenda ya zamani, kwa hii tunayotumia sasa ingekuwa Aprili 23.) Tatizo ni mambo ya siku nyingine yaliyorundikwa juu yake.

Eti alishuka siku hiyohiyo akakumbatiana na mfalme. Wapi! Mmoja wa watu wake aliyeandika habari za safari anasema Vasco alikataa kukanyaga nchi kavu, kwa kisingizio kuwa bwana wake, mfalme wa Ureno, hakumruhusu. Mombasa alikotoka hakukuwa na salama, naye akaogopa mtego. Walikutana Jumatano, Aprili 18, majini, chombo ubavuni mwa chombo. Mfalme alikaa kitini chini ya mwavuli wa atlasi nyekundu, joho lake limetiwa taraza ya atlasi ya kijani, na pembeni mzee kamshikia upanga mfupi wenye ala ya fedha. Zikapulizwa siwa mbili za pembe za ndovu, zenye nakshi, urefu wake kimo cha mtu, tundu la kupulizia likiwa ubavuni. Mtu wa Lamu au Pate hahitaji kuelezwa maana ya siwa kulia: hapo mwenye nchi ndiye aliyekuwa akijionyesha kwa mgeni.

Na ile nguzo ya Vasco da Gama iliyopo Malindi? Wageni huambiwa aliisimamisha alipofika. Ruhusa ya kuweka alama aliiomba akirudi kutoka India, Januari 1499, mabaharia wake wakiwa hoi. Wapatao 30 walikuwa wamekufa kwa kiseyeye njiani, na waliobaki wakaletewa machungwa kutoka mjini.

Dhana iliyoshika mizizi zaidi ni kwamba rubani wake wa kwenda India alikuwa Ahmad ibn Majid, nahodha mashuhuri wa Kiarabu. Habari hiyo ilitoka kwa an-Nahrawali wa Makka, aliyeandika zaidi ya nusu karne baadaye. De Barros, mwandishi wa Kireno, anamtaja Mgujarati. Vyovyote vile, kusema Vasco "aligundua" njia ni kuwadhulumu manahodha: alikuta vyombo vinne vya Wahindi vimeshatia nanga Malindi. Aling'oa nanga Aprili 24, kusi ikianza, na Mei 20 alikuwa karibu na Calicut, India. Kurudi hakungoja kaskazi ikolee, akahangaika baharini karibu miezi mitatu.

Wengine huuita mapokezi yale ukarimu mtupu. Ukarimu ulikuwepo, lakini Malindi ilikuwa na ugomvi wake na Mombasa, ikitafuta mshirika mwenye mizinga. Ikampata. Mwaka 1593 mshirika huyo, yaani Wareno, alianza kujenga Fort Jesus, nako kulikuwa Mombasa; mfalme wa Malindi naye akahamia huko, na mji wake ukafifia.