Namba za Kihadza: pengo si kosa

Tangu Muongo wa Kimataifa wa Lugha za Asili uanze mwaka 2022, tunaletewa orodha nyingi za "moja hadi kumi" za lugha ndogo za nchini. Nia ni njema na tunashukuru. Ila orodha ya Kihadza, lugha ya wawindaji Wahadzabe wa kandokando ya Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, isiyo na pengo hata moja hututia shaka.

Ukikaa na wazee wa Kihadzabe kule Mang'ola au Yaeda Chini, utasikia itchame, moja, na piye, mbili. Hayo ni yao. Samaka, tatu, limetoka kwa Wadatoga. Bone, bothano na ikhumi ni ya Wasukuma, na msomaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani kuyatambua. Hata hilo bothano wengi huliacha. Penye tano husema aso, yaani nyingi. Sita hadi tisa ni Kiswahili. Basi anayetuletea "saba ya Kihadza" ama ameitunga mwenyewe, ama amemsumbua mzee mpaka akatungiwa ili aondoke.

"Kwa hiyo hawajui kuhesabu?" Swali hili tumelijibu hadi tumechoka. Anayewinda, akarina asali na kugawana nyama kambini, hana zizi la kukagua jioni wala daftari la madeni. Na anayecheka ajitazame: sita, saba na tisa zetu ni za Kiarabu, pamoja na ishirini, mia na elfu. Tandatu tumeitupa, fungate tumewaachia maharusi, kenda washairi.

Kwa wanaotaka kukusanya maneno: kwanza kibali cha utafiti cha COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia. Raia wa kigeni aongeze kibali cha ukaazi daraja C kutoka Uhamiaji. Kisha barua ya mkoa, ya wilaya, ndipo serikali ya kijiji, kwa mpangilio huo. Anayeruka ngazi asishangae akirudishwa. Sauti inayomtambulisha mtu inaweza kuhesabika kuwa taarifa binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, hivyo ridhaa ipatikane kabla kinasa sauti hakijawashwa. Sheria hiyo ina faini, na ina kifungo pia.

Katika fomu ya orodha mnayotuletea, andikeni neno, kijiji liliposikika, na lugha lilikotoka kama inajulikana. Mstari wa saba ukibaki mtupu, fomu itapokelewa.