Mapokezi ya wahakiki: maana yake, na somo la Pink Moon

Ukisoma habari za albamu yoyote, hukosi kukutana na maneno haya: "ilipata mapokezi mazuri kutoka kwa wahakiki." Maana yake ya karibu ni jumla ya yale yaliyosemwa kuhusu kazi hiyo na watu ambao kazi yao ni kusikiliza na kuandika, iwe magazetini, redioni au mtandaoni. Mauzo ni habari nyingine, na tuzo vilevile. Albamu inaweza kununuliwa kama maandazi ya asubuhi huku wahakiki wakiiponda, na nyingine ikasifiwa kurasa nzima ilhali nakala zake zimelala ghalani.

Jambo linalosahaulika ni kwamba mapokezi yana mpokeaji wake na yana siku yake. Mgeni ni yuleyule. Aliyebisha hodi usiku watu wamelala na aliyebisha mchana nyumba ikiwa imejaa hawapokewi sawa. Kwa hiyo ukiambiwa albamu "ilipokewa vizuri", uliza: na nani, na lini?

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Pink Moon ya Mwingereza Nick Drake, mtunzi na mwimbaji wa muziki uliochanganya foki, yaani nyimbo za gitaa zenye asili ya jadi, na roki. Ni albamu ya studio, maana yake nyimbo zilirekodiwa makusudi studioni ili zitoke pamoja kama kazi moja, tofauti na rekodi ya jukwaani au mkusanyo wa nyimbo za zamani. Drake alikuwa ameshatoa mbili kabla yake, zenye vinanda, ngoma na wapiga ala wengi, nazo hazikuuza. Oktoba 1971 aliingia studio ya Sound Techniques jijini London na mtu mmoja tu, fundi sauti John Wood. Walifanya kazi usiku, kwa siku mbili, na albamu ikaisha. Nyimbo 11, dakika 28 hivi. Sauti yake na gitaa lake, basi. Wimbo wa kwanza pekee, uliobeba jina la albamu, ndio uliongezewa kinanda: noti chache zinashuka katikati ya wimbo kama matone ya mvua kwenye bati, kisha zinanyamaza na hazirudi tena hadi mwisho wa albamu.

Ilitoka Februari 1972 chini ya lebo ya Island. Drake hakufanya mahojiano wala ziara ya kuinadi. Walioandika kuihusu walikuwa wachache, na wanunuzi wachache vilevile. Kati ya albamu zake tatu, hakuna inayotajwa kuuza zaidi ya nakala 5,000 katika toleo lake la kwanza. Mwaka 1974 alifariki nyumbani kwa wazazi wake akiwa na miaka 26.

Kama tungefunga daftari hapo, mapokezi ya Pink Moon yangekuwa ukimya. Lakini wanamuziki waliendelea kuazimana sahani zake, na mwaka 1979 albamu zote tatu zikatolewa upya katika boksi moja. Kisha, mwishoni mwa 1999, Volkswagen waliutumia ule wimbo wa kwanza katika tangazo la gari: vijana wanne wanaendesha usiku gari lililofunguliwa paa, wanafika kwenye sherehe, wanatazamana, wanageuza na kurudi barabarani. Marekani, mauzo ya albamu yakaruka kutoka kama nakala 6,000 kwa mwaka hadi zaidi ya 70,000 mwaka 2000. Jarida la Rolling Stone liliiweka nafasi ya 320 katika orodha yake ya albamu bora 500 ya mwaka 2003. Katika orodha mpya ya 2020 ikapanda hadi ya 201.

Hakuna noti hata moja iliyobadilika kwenye tepu ile. Waliobadilika ni wasikilizaji.

Na mapokezi ya baadaye nayo yana upofu wake. Mhakiki wa leo anaijua hatima ya Drake kabla hajabonyeza kitufe, basi anasikia kifo katika kila mstari, na neno "huzuni" halikosi katika uhakiki wake. Mimi naona hilo linaionea albamu. Sikiliza wimbo wa mwisho, From the Morning: gitaa linakimbia kwa wepesi, na maneno ni ya kupambazuka na kuinuka. Familia yake iliyaelewa hivyo. Mstari mmoja wa wimbo huo, unaosema kwamba sasa tunainuka na tuko kila mahali, ndio uliochongwa kwenye jiwe la kaburi lake kijijini Tanworth-in-Arden.