Eti Nirvana ndio waliiua Poison?
Kuna stori watu wanairudia miaka nenda rudi, kwamba bendi ya roki Nirvana walitoa albamu yao Nevermind Septemba 1991 na kesho yake tu bendi za nywele ndefu na lipstiki zikafa. Hapana bana. Chukulia Poison, moja ya bendi hizo, vijana wa Pennsylvania waliohamia Los Angeles, Desemba 1988 wimbo wao umeshika namba 1 Marekani, ila wiki kama tatu KABLA Nevermind haijatoka, mpiga gitaa wao C.C. DeVille alivuruga shoo kwenye tuzo za MTV, kaanza kupiga wimbo mwingine kabisa (laivu!), wakashuka jukwaani akazichapa na mwimbaji wao Bret Michaels, C.C. akaishia kuondoka. Nevermind yenyewe ilifika namba 1 Januari 1992, na mwaka huohuo Def Leppard, nao bendi ya nywele ndefu, wakakaa palepale juu na albamu yao Adrenalize.