Harambee ya mtandaoni ni nini?

Ni uchangishaji wa fedha ambao mwito wake husambazwa na watu wenyewe kupitia WhatsApp, Facebook, X, Instagram au TikTok, na mchango hutumwa kwa simu papo hapo. Ndani yake mna kazi mbili: kufahamisha na kuchangisha. Usizichanganye, kwani video inaweza kutazamwa na watu laki moja na isilete hata nauli ya mgonjwa.

Mtu hutoa upesi zaidi anapoombwa na anayemfahamu. Mwaka 2014, katika Ice Bucket Challenge iliyovuma Marekani, aliyejimwagia ndoo ya maji ya barafu alitaja watu 3 kwa majina, nao wakapewa saa 24 wafanye vivyo hivyo au wachangie mapambano dhidi ya ALS, ugonjwa unaoua neva za misuli. Shirika la ALS Association lilipokea dola milioni 115 kwa wiki chache. Aliyetajwa jina mbele ya rafiki zake hawezi kujifanya hakusikia.

Kenya, wakati wa ukame wa 2011, kampeni ya Kenyans for Kenya ililenga shilingi milioni 500 kwa wiki 4 na ikavuka lengo kabla ya muda. Redio na televisheni zilisaidia sana, lakini pia M-Pesa ilikuwa tayari mikononi mwa watu.

Michango mingi hupotea kati ya kuguswa na kutuma. Namba ya Paybill (Tanzania, Lipa Namba) iandikwe kwa maandishi, isibaki ndani ya bango tu: mtu akilazimika kuikariri, atakosea tarakimu moja au ataahirisha mpaka asahau. Instagram, kiungo kilichoandikwa chini ya picha hakibonyezeki. Kiweke kwenye wasifu. Status ya WhatsApp hufutika baada ya saa 24, kwa hiyo irudie kila siku.

Jina linalotokea kabla ya mtumaji kuthibitisha lifanane na la shirika. Likitokea la mtu asiyejulikana, wengi hughairi, na wana haki. Tena laini binafsi ya M-Pesa nchini Kenya haihifadhi zaidi ya shilingi 500,000. Ikijaa, michango hukwama harambee ikiwa imepamba moto.

Matapeli hunakili bango lako na kubadilisha namba tu. Tumia namba moja tangu mwanzo hadi mwisho, na ibandike juu kabisa ya ukurasa rasmi. Picha ya mtoto mgonjwa isitoke bila idhini ya mzazi, maana ikishasambaa hairudi, na mtoto huyo atakua.

Halafu toa mrejesho, hata kila jioni: “Zimefika 312,400. Hospitali imelipwa 280,000, risiti hii hapa. Zilizobaki 32,400 ni za dawa.” Lengo likitimia, tangaza kwamba mchango umefungwa.