Acheni kuziba matundu ya semiholo

Kuna sentensi moja ambayo nikiisikia tena kabla ya Krismasi nitafunga karakana nikauze dagaa Mwaloni, soko la samaki hapa Mwanza: "Fundi, gitaa lilikuwa linapiga mluzi, kwa hiyo nimeziba matundu."

Wanasema yale matundu mawili yenye umbo la herufi f kwenye semiholo, gitaa la umeme ambalo ndani lina uwazi kwa sehemu tu. Wanaziba kwa solotepu. Wanaziba kwa sponji ya godoro. Kijana mmoja anayepiga solo kwenye kwaya alipuliza ndani lile povu la mafundi wa madirisha ya aluminiamu, linalovimba halafu likakauka kuwa gumu. Gitaa lilifika mezani kwangu povu limechungulia kwenye matundu yote mawili ya f, volyumu hazizunguki, swichi imekwama katikati. Nililitoa kwa waya niliokunja ncha, kipande kidogo kidogo, nikipapasa nisikate nyaya nisizoziona. Na mluzi? Mluzi ulikuwepo palepale. Jumapili ile alipopuliza povu, ibada haijafika hata mahubiri gitaa likaanza tena kulia.

Wengi wanaoziba hawajawahi kumulika ndani hata kwa tochi ya simu. Mulikeni. Semiholo si boksi tupu. Gibson, kampuni ya magitaa ya Marekani, walipotoa semiholo yao ya ES-335 mwaka 1958, juu na nyuma waliweka plaiwudi iliyokandamizwa ikabenuka, na katikati, kuanzia shingo inapoingia hadi mwisho wa bodi, wakapitisha boriti nzima ya mepo, mti mgumu wa Marekani Kaskazini. Pikapu, vile vinasa sauti vilivyo chini ya nyuzi, zimekaa ndani ya boriti hiyo, na daraja linalobeba nyuzi limesimama juu yake. Kilicho wazi ni mabawa mawili ya pembeni tu. Semiholo nyingi mnazoziona leo zinafuata mpango huo, ingawa za bei nafuu wakati mwingine zina kipande kifupi tu chini ya daraja. Boriti iliwekwa kwa makusudi: magitaa yaliyokuwa matupu kabisa yalikuwa yanavuma kila amplifaya ikipandishwa. Kwa maneno mengine, ugonjwa mnaoutibu kwa sponji gitaa lilishachanjwa kiwandani.

Chanjo haimaanishi haliwezi kuvuma kamwe. Sauti inatoka kwenye spika, inatikisa bodi na nyuzi, pikapu zinaokota mtikisiko huo, amplifaya inaukuza, spika inautoa tena ukiwa umeongezeka, na safari inaanza upya. Ukipunguza nguvu mahali popote kwenye mzunguko huo, kelele inakatika. Pa rahisi kuliko pote, tena bila gharama, ni nafasi iliyopo kati ya gitaa na spika. Lakini tazama majukwaa yetu. Baa ya ufukweni, jukwaa la mbao, watu wanane wamebanana, amplifaya ya solo iko sakafuni nyuma ya magoti ya mpigaji, monita mbili, spika za kumsikilizisha mpigaji mwenyewe, zinamtazama kifuani, na besi inatetemesha mbao zilezile alizosimama. Mpiga solo anageuka kumpa ishara mpiga dramu, gitaa linatazamana ana kwa ana na spika, linaunguruma, na bendi nzima inaangalia matundu.

Kabla hujagusa gundi, sikiliza ni kelele ya aina gani. Laza kiganja chote juu ya nyuzi. Ikikatika, zilizokuwa zinalia ni nyuzi: sogea hatua mbili, geuka ubavu, punguza geini, yaani nguvu ya sauti inavyoingia kwenye amplifaya. Ikiwa ni mvumo mnene unaoendelea hata nyuzi zimenyamaza, na unapungua ukiikumbatia bodi kwa mkono, hapo kweli ni bodi: punguza besi kwenye amplifaya, inua amplifaya kutoka sakafuni uiweke juu ya kreti la soda, na umwambie fundi mitambo atoe gitaa kwenye monita yako. Huhitaji kujisikia mara mbili.

Ikiwa ni mluzi mkali, mwembamba, na hauna habari na kiganja chako, basi tundu la f halihusiki hata kidogo. Hiyo ni pikapu. Waya wa koili yake umelegea na unatikisika wenyewe. Ongeza sauti kidogo, gonga kifuniko cha pikapu taratibu kwa ncha ya bisibisi; ukisikia kwenye spika kama mtu anagonga maikrofoni, mwizi umemkamata. Dawa yake ni kuichovya kwenye nta iliyoyeyushwa, nta ya mishumaa ikichanganywa na nta kidogo ya nyuki, nyuzijoto 65 hivi, kwenye chombo kilichowekwa ndani ya maji ya moto. Si juu ya jiko moja kwa moja! Nta inashika moto, na plastiki ya koili inapinda kabla hujaiona. Iache humo hadi viputo viishe kutoka, itoe, ifute, imekwisha. Kijana wa povu tatizo lake lilikuwa hili. Pikapu ya darajani.

Hapo ndipo huwa naletewa B.B. King, mpiga gitaa wa blues wa Marekani, kuwa shahidi. Ni kweli, B.B. King alikuwa akisokomeza vitambaa kwenye matundu ya gitaa lake, na Gibson walipomtengenezea toleo lake la Lucille, jina aliloliita gitaa lake, mwaka 1980, lilitoka bila matundu kabisa. Sikatai: kuziba kunapunguza kidogo ule mvumo mnene wa bodi. Lakini vitambaa vinatolewa, na yeye alikuwa anajua anatibu kelele gani. Ukitaka kujaribu, chukua kipande cha sponji laini, kifunge uzi, kisokomeze, acha uzi ukining'inia nje ili ukivute. Usije kwangu na gundi, usije na silikoni, na lile povu usilitamke mbele yangu.

La pili linalonichosha linatokana na macho. Watu wanaona matundu, wanasema "hili ni gitaa kavu lenye umeme." Kisha wanafanya mambo mawili. La kwanza ni kulisimamishia maikrofoni mbele ya tundu la f, nimeliona kwa macho yangu kwenye mkutano wa injili. Plaiwudi nyembamba yenye boriti katikati haitoi sauti ya kujaza hata sebule. Inatosha kufanyia mazoezi usiku bila kumwamsha mpangaji mwenzako, basi. La pili ni kulifunga nyuzi za gitaa kavu. Pikapu ni sumaku na koili, inaisikia ile chuma inayocheza juu yake. Nyuzi za gitaa kavu zina kiini cha chuma, lakini kilichozungushiwa juu ni shaba nyeusi, na shaba sumaku haina habari nayo. Ndiyo maana zile nne nene zinanong'ona huku mbili nyembamba zikipiga kelele, halafu unaambiwa "pikapu imechoka." Tena seti hizo kwa kawaida ni nene na zinavuta shingo kuliko ilivyopangiwa. Funga nyuzi za nikeli, seti ya 10 hadi 46 (namba za unene zilizo kwenye pakiti), na kama una mkono mzito, ya 11. Madukani huku ukiuliza "nyuzi za gitaa" utapewa zilizo karibu na mkono wa muuzaji, kwa hiyo soma pakiti mwenyewe.

Wauzaji wa mitumba nao wana yao: kila chenye matundu mawili ya f ni semiholo. Si kweli. Epiphone Casino na Gibson ES-330 kwa mbali huwezi kuzitofautisha na ES-335, lakini ndani ni tupu, hazina boriti. Ni magitaa mazuri sana, The Beatles walizipiga Casino, ila zinavuma mapema zaidi, na anayenunua akidhani amepata ya boriti ataishia kunilaumu mimi. Mulika tundu la f kwa tochi na utazame kuelekea katikati. Ukuta wa mbao unasimama pale au haupo.

"Unyevu wa ziwa unaliozesha." Hapana. Plaiwudi imegundishwa tabaka juu ya tabaka, nyuzi za mbao zikipishana, kwa hiyo haichezi sana hewa ikibadilika, na joto la Mwanza halipandi na kushuka sana mwaka mzima. Kinachosogea ni shingo, nayo husogea kidogo tu, hasa tukitoka masika kuingia ukavu wa Juni na Julai. Bonyeza uzi kwenye freti ya kwanza (freti ni vile vyuma vinavyokatiza shingo) na pale shingo inapoungana na bodi, tazama freti ya saba: pakiwa na mwanya wa karibu robo milimita, shingo ni nzima. Ukiwa mkubwa au haupo, nondo ya shingo, chuma kilichopita ndani yake, izungushwe robo mzunguko, isubiriwe, ipimwe tena. Na nondo si ya kushushia nyuzi! Nyuzi zinashushwa kwa magurudumu mawili ya daraja. Maadui halisi wa gitaa huku ni buti ya gari saa saba mchana, chumba cha bati kisicho na dari, na jasho lisilofutwa. Na wale wadudu wa ziwani wanaokuja kama moshi wakifuata taa: wanaingia kwenye matundu, wanafia juu ya potenshometa, kile kifaa kilicho chini ya kitasa cha volyumu, na mwenye gitaa anashangaa kwa nini volyumu inakwaruza. Ukipiga ufukweni, lirudishe kwenye begi wakati wa mapumziko, usilisimamishe chini ya taa.

Kwamba ni la jazi na la wazee, hilo nalijibu kwa ufupi. Alvin Lee, mpiga gitaa wa rock, alikuwa na ES-335 kwenye tamasha la Woodstock mwaka 1969 na hakuna mzee aliyelala pale. Na kwa muziki wetu, kwa solo ya sebene au kwa benga ya D.O. Misiani, mtu aliyezaliwa upande wetu wa ziwa kule Shirati, unataka kila noti isimame peke yake hata ukikimbia. Semiholo inaifanya kazi hiyo vizuri. Weka pikapu ya shingo na ya daraja pamoja, toni iache wazi, geini chini.

"Linanguruma, ni bovu." Gusa nyuzi. Ngurumo ikipungua, gitaa ni zima, kelele inatoka kwenye taa, chaja na nyaya za ukumbi. Ikiongezeka ukigusa, au ukisikia kuwashwa midomoni ukikaribia maikrofoni, acha kupiga hapo hapo. Ethi ya ukumbi, waya unaopeleka umeme ardhini, haipo au imekatika, na volti 230 hazina mzaha na mtu aliyesimama kwenye zege lenye maji. Hiyo ni kazi ya fundi umeme.

Sasa bei. "Fundi, si waya tu?" Kwenye gitaa la solidi, lile la mbao nzima lisilo na uwazi ndani, ndiyo, waya tu: unafungua kifuniko, unalehemu, unafunga. Semiholo nyingi hazina kifuniko nyuma. Kila kitu kiliingia kwa tundu la f na kitatokea hapohapo. Natoa volyumu mbili, toni mbili, swichi na jeki (tundu la kuchomekea waya wa amplifaya), kila kimoja nikiwa nimekifunga kwanza kipande cha mshipi wa kuvulia, huu wa nailoni unaouzwa Kirumba kwa wavuvi, ili nikimaliza kulehemu nikivute kirudi kwenye tundu lake bila kupotea gizani. Mpini wa volyumu ukitokeza juu, naudaka kwa nati kabla haujazama. Ukizama, naanza upya. Kazi ya nusu saa kwenye solidi hapa inakula mchana, na bei yangu inahesabu mchana huo.

Na karibu kila mara chanzo ni kimoja: jeki ililegea, mwenyewe akaikaza kwa nje kwa koleo. Nati inazunguka, jeki nayo inazunguka ndani pamoja nayo, waya unajisokota hadi unakatika. Ikilegea, penyeza ndani ya jeki kitu kinachobana, mfano bisibisi nyembamba, ukishikilie kwa nguvu jeki isizunguke, ndipo ukaze nati kwa spana. Ukiona inazunguka bado, acha ilivyo ulilete. Nikikuta waya mzima, nakukazia ukiwa umesimama hapo hapo na sikudai kitu.