Toa mbili, sifuri, ongeza mbili: sifuri ya nani?

Juzi nimeulizwa tena, safari hii na kijana mwenye kamera nzuri kuliko yangu: "Kaka, kuchanganya eksposha si napiga tatu tu, toa mbili, sifuri, ongeza mbili, halafu naiachia programu?" Yaani kupiga mandhari moja mara tatu, stopu mbili chini ya makisio ya kamera, kwenye makisio yenyewe, na stopu mbili juu (stopu moja ni mwanga mara mbili au nusu yake), kisha kuziunganisha ziwe picha moja. Swali hili nimelijibu WhatsApp, nimelijibu harusini watu wakisubiri kupigwa picha, nimelijibu hadi ndani ya pantoni. Naliandika hapa ili atakayefuata nimtumie linki nikalale.

Jibu fupi ni hapana. Jibu refu linaanza na swali: hiyo sifuri ni ya nani?

Sifuri ya kamera ni makisio ya mita, basi. Mita haijui kama umeelekeza lenzi Kivukoni usiku au kwenye ukuta wa chokaa saa sita mchana. Inachojua ni kwamba kila kitu duniani, kikikorogwa pamoja, kiwe kijivu cha wastani. Simama Kigamboni, ng'ambo ya bandari ya Dar es Salaam, tazama mjini jua likizama nyuma ya majengo. Anga likijaa kwenye fremu, mita inashusha kila kitu na minara inakuwa mikaa. Inamisha lenzi kidogo maji yajae, mita inapandisha kila kitu na mabango yanaungua, yanabaki meupe matupu. Sifuri imehama na wewe miguu yako haijasogea. Hiyo ndiyo unataka iwe nguzo ya kuhesabia juu na chini?

Mimi naanzia nchani. Manual (kila kitu nachagua mwenyewe), ISO 100, apecha (tundu la lenzi) f/8, faili ghafi za RAW, tripodi, kitulizi cha mtikisiko kimezimwa, shata kwa rimoti. Nashusha eksposha hadi taa ninazozijali ziwe zimeingia ndani ya histogramu, ile grafu ya mwanga yenye giza kushoto na weupe kulia. Nimesema ninazozijali. Balbu yenyewe ya taa ya barabarani iache iungue, hata jicho lako halioni kilichomo ndani yake. Madirisha ya ofisi yasiungue, maana rangi ya jiji usiku iko humo. Hiyo ndiyo fremu yangu ya chini. Kisha napanda, stopu moja moja au mbili mbili, hadi kivuli cheusi ninachotaka kisomeke kiwe kimeachana na ukingo wa kushoto wa histogramu. Zikiwa fremu mbili, sawa. Zikiwa sita, sawa pia. Idadi inaamuliwa na mandhari, menyu ya kamera haina kura. Na apecha usiiguse katikati ya kazi: nyota za taa zitabadilika umbo kati ya fremu na fremu, utakesha unazifuta.

Hayo ni rahisi. Linalonikera hasa ni muda.

Mafunzo mengi ya video tunayoyatazama yamepigwa Ulaya na Marekani ya kaskazini, ambako jua huteremka kwa mshazari. London mwezi Juni, tangu jua kuzama hadi lifike nyuzi 6 chini ya upeo, ni zaidi ya dakika 45. Yule bwana kwenye video anapiga braketi (seti ya fremu za eksposha tofauti), anakunywa kahawa, anabadili lenzi, anasimulia habari za mdhamini wake, na anga bado ni la buluu ileile. Dar es Salaam tuko karibu nyuzi 7 kusini ya ikweta. Jua letu linaanguka karibu wima, na safari hiyohiyo ya nyuzi 6 huchukua dakika 21 hadi 23. Juni linazama kama saa kumi na mbili na robo, Februari linakaribia saa moja kasoro dakika kumi, lakini kasi ya kuanguka ni karibu ileile mwaka mzima.

Sasa piga hesabu. Jua linapozama kukiwa hakuna mawingu, mwanga unaofika ardhini ni kama lukisi 400 (lukisi ni kipimo cha mwanga). Likifika nyuzi 6 chini, zimebaki kama lukisi 3 na nusu. Hapo katikati kuna karibu stopu 7. Zigawanye kwa dakika 21: anga letu linapoteza stopu moja kila dakika tatu. Upande wa machweo wenyewe hubaki nyuma kidogo, lakini mwendo ni huohuo.

Na taa za jiji je? Haziondoki zilipo. Dirisha la ghorofa ya 20 kwenye minara pacha ya PSPF lina mwanga uleule saa kumi na mbili na nusu na saa mbili usiku.

Hapa ndipo nataka msomaji atulie. Braketi ya kamera inasogeza kila kitu kwa pamoja: ukishusha stopu mbili, anga linashuka, taa zinashuka, maji yanashuka. Uwiano wa anga na taa unabaki vilevile katika fremu zote tatu, au saba, au hata kumi. Machweo yanafanya kitu kingine kabisa, yanashusha anga na kuziacha taa mahali pake. Ukiifunga eksposha ukapiga fremu mbili zilizopishana dakika sita, umepata stopu mbili za anga peke yake. Hakuna kitufe cha kamera kinachokupa hicho. Kwa hiyo yule anayefika jiji limeshakuwa jeusi, akapiga "tatu zake", kisha akaniuliza mbona anga lake halina buluu hata baada ya kuchanganya, jibu lake ni kwamba amechanganya fremu tatu zisizo na buluu.

Kwa hiyo nikiwa Kigamboni tripodi inasimama kabla jua halijazama na haiguswi tena. Seti ya kwanza napiga jua likishatoweka, wakati minara bado ina umbo na rangi. Nyingine katikati. Ya mwisho buluu ikikaribia kuisha na madirisha yamewaka. (Lenzi ndefu usiielekeze Ikulu, iko palepale ng'ambo ya maji. Walinzi hawataki somo la histogramu.)

Nyumbani, kwenye Photoshop, naweka fremu ya mapema chini, ya taa juu, kisha naipa leya (tabaka) ya juu hali ya Lighten, ile inayochukua pikseli iliyo ang'avu zaidi kati ya mbili. Fremu ya mapema inashinda kwenye anga, ya usiku inashinda kwenye madirisha, na sijagusa brashi. Yale yasiyokaa sawa ndiyo yanapata maski, kiziba kinachoficha sehemu ya leya. Kwa mstari wa mapaa na anga, maski naichonga kutoka kwenye fremu ambayo majengo ni meusi tii mbele ya anga linalowaka. Ukipiga upande huo jua likiwa nyuma ya mji, Kigamboni inakupa maski bure. Usiilainishe kupita kiasi, vinginevyo kila kreni na kila antena itavaa pete nyeupe kama ya malaika.

Yanayoharibu mpango ni mawili. Pantoni haisimami, na hali ile ya leya inakusanya taa zake popote ilipopita, unajikuta na pantoni nne mahali pa moja. Chagua fremu moja ya pantoni, zilizobaki zifiche. La pili ni umeme. Ukikatika mtaa mmoja kati ya seti ya kwanza na ya mwisho, hakuna maski itakayokuokoa, funga mguu wa tripodi urudi kesho.

Na ile HDR ya kitufe, ambapo kamera au programu inachanganya fremu yenyewe? Sina ugomvi nayo, nina ugomvi na imani kwamba inajua usiku ni nini. Njia moja inayotumika sana, iliyochapishwa mwaka 2007 na Mertens na wenzake, inaipa alama kila pikseli ya kila fremu kwa vigezo vitatu: ina utofautishaji kiasi gani, rangi yake imekolea kiasi gani, na iko karibu kiasi gani na mwanga wa katikati. Kisha inachanganya kwa kufuata alama. Angalia kigezo cha tatu. Kwa mipangilio ya kawaida, giza linakosa alama kwa sababu tu ni giza. Ndiyo maana picha hizo zina kijivu cha asubuhi yenye ukungu wakati saa ya jengo inasema saa mbili usiku. Vivuli vyote vimefunguliwa, hakuna cha kutazama.

Maji ndiyo hukutoa aibu kwanza. Maji ya bandari hayana taa yake. Yanarudisha sehemu tu ya mwanga wa anga lililo juu yake. Ukiacha njia za taa zinazocheza juu ya mawimbi, maji yakiwa meupe kuliko anga mtu yeyote atahisi kuna kitu hakiko sawa, hata yule asiyejua kamera inashikwaje. Nikipewa picha ya jiji niikague, natazama hapo kabla ya kutazama mji.

Wanaosema huku kuchanganya ni kughushi, na kwamba "zamani walipiga moja tu": Gustave Le Gray, Ufaransa, miaka ya 1850, alichapisha baadhi ya picha zake za bahari kwa negativu mbili, moja ya anga na moja ya maji, kwa kuwa kemikali za wakati ule ziliitikia buluu mno na anga likaungua mara nyingi. Lakini sitajificha nyuma yake, maana huyohuyo alitumia mawingu yaleyale juu ya bahari tofauti. Mimi nakubali dakika 20 za jioni moja, tripodi moja, na nakataa anga la siku nyingine. Ukiniuliza kwa nini mpaka uko hapo na si kwingine, sina hoja ya kukushinda. Buluu yangu na madirisha yangu havikuwahi kuonekana pamoja kwa kiwango kile, hata siku moja.

Shaka nyingine ni kubwa zaidi. Sensa za leo za fremu nzima kwa ISO ya chini zinabeba karibu stopu 14. Kuna jioni RAW moja inabeba kila kitu na mimi bado napiga sita, na sijui kama ni uangalifu au mazoea ya kamera zangu za zamani. Kwa hiyo kabla ya kufungua leya hata moja, chukua ile fremu ya chini ambayo madirisha hayajaungua. Ipandishe stopu nne. Kuza kwenye vivuli kwa asilimia 100. Kama ni safi na anga lina buluu, futa zilizobaki.